Kisu Nilichokipima kwa Kitunguu

Mwanangu Zuhura,

Mambo ya koti, soksi za sufu, kula kwa wakati na kupiga simu ukifika, baba yako ameshayasema. Amekuwa akiyasema wiki nzima, na nina hakika kesho kituoni atayasema tena mlango wa basi ukiwa umeshafungwa. Mimi sitayagusa. Wewe umekwenda kuwaaga wenzako, yeye amejilaza kabla ya zamu yake ya ghalani, na mimi nimepata meza ya jikoni peke yangu. Nataka kukuandikia habari za kisu.

Najua utacheka. Mtoto anahama nyumbani, anakwenda Thunder Bay kusomea misitu, safari ya basi ya mchana na usiku, na mama yake anamwandikia habari za kisu. Lakini wewe na mimi hatujazungumza sawasawa tangu kile cha kwanza kivunjike, na sitaki uondoke hivyo. Nataka uwe na kisu kinachofaa kiunoni, na nataka tuagane tukiwa tunaongea. Hilo la kwanza nina ujuzi nalo kidogo. La pili linanishinda, ndiyo maana nimeshika kalamu.

Naandika kwa Kiswahili kwa sababu Kiingereza changu ni cha karakana na cha kwenye basi. Kinatosha kuombea ruhusa kazini, hakitoshi kusema haya. Wewe unanielewa vizuri hata kama unanijibu kwa Kiingereza. Ukikwama kwenye neno, lisome kwa sauti, utanisikia nikilisema.

Hapa mezani pana visu viwili. Kimoja ni kile ulichoagiza mtandaoni wakati wa baridi, kinene, cheusi, chenye jina la herufi na namba kama bamba la gari. Cha pili nimekitengeneza mimi, na hujakiona. Kiunoni kinakaa kimoja. Utachagua mwenyewe, lakini kwanza nikueleze ninachokijua na nilipokosea.

Bibi yako, mama yangu, unajua alikuwa mpishi wa shughuli kule Tanga. Labda sikuwahi kukwambia wapishi wale walivyokuwa na visu vyao. Ikiwa kuna harusi, wanawake wanakusanyika uani tangu jana yake kumenya vitunguu vya pilau, gunia zima, na kila mmoja anakuja na kisu chake amekiviringisha kwenye kipande cha kanga. Hakuna wa kuazima. Vilikuwa visu vilivyofuliwa na mafundi kutokana na springi za malori au misumeno iliyochakaa, vyeusi, vyenye mabaka ya ndimu, vimekuwa vyembamba kwa kunolewa miaka. Bibi yako alikuwa na kipimo kimoja tu cha kisu. Anachukua kitunguu, anakata duara moja, analiinua juani. Likipitisha mwanga, kisu kizima. Lisipopitisha, kisu kinarudi kwenye jiwe na mwenyewe ananyamaza kwa aibu. Alikuwa akisema kisu butu ndicho kinachomliza mpishi, maana kinakiponda kitunguu badala ya kukikata. Ni kweli. Wenye visu vizuri walikuwa wakikata huku wanasengenya, macho makavu kabisa.

Na hakuna aliyempa mwenzake kisu mkononi. Unakiweka chini, juu ya sinia au mkekani, naye anakichukua. Ukimpa mkononi mtagombana, ndivyo walivyoamini. Nilipokuwa na umri wako niliona ni mambo ya kizee tu. Nitarudi hapo.

Tulipofika Toronto ulikuwa bado unabebwa. Kazi yangu ya kwanza ya maana ilikuwa mtaa wa Downsview, kwenye karakana inayonoa visu vya mashine: vya kukatia karatasi, vya kukatia mikate, vya viwanda vya nyama. Waliniajiri kufagia na kufunga mizigo. Siku moja mtu wa mashine ya kunolea hakuja, nikaomba nijaribu, na sikurudi tena kwenye ufagio. Mabasi mawili na treni kutoka hapa kwetu Scarborough, kwenda na kurudi, na mikono inanuka maji ya mashine hata baada ya kuoga. Ulipokuwa mdogo ulikuwa ukiniambia nanuka kama sarafu.

Huko ndiko nilikokijua chuma, na huko ndiko nilikopata kiburi. Chuma cha kisu kina mambo mawili yanayovutana. Kikiwa kigumu sana kinashika makali muda mrefu, lakini kikipata pigo kinamomonyoka, au kinakatika. Kikilegezwa kidogo kinavumilia mapigo, kinapinda na kurudi, ila makali yanachoka mapema na inabidi unoe mara kwa mara. Huwezi kuyapata yote mawili mpaka mwisho. Mengi yanategemea kilivyopikwa. Unakichoma kikawa chekundu, unakizamisha kwenye mafuta, kinatoka kigumu kama kioo. Kisha unakirudisha kwenye tanuri la moto mdogo kilegee. Ukikilegeza kidogo tu kinabaki na ukali wa tabia. Ukizidisha moto kinakuwa mpole, na mpole sana hakifai hata kukatia mkate.

Mimi nilipenda kigumu. Nilipenda kisu kinachokaa wiki nyingi bila kugusa jiwe. Wateja walikuwa wakiulizia kama ni yule mama aliyewanolea, na mimi nikajiona nimefika.

Basi ulipoanza safari za mitumbwi na rafiki zako wa sekondari, nikasema mwanangu hanunuliwi kisu dukani wakati mama yake ananolea visu nusu ya viwanda vya mji huu. Nikaomba kipande kilichobaki cha chuma cha visu vya karatasi, kigumu kuliko vyote tulivyokuwa navyo. Kwenye tanuri sikukilegeza inavyotakiwa, nikafanya hivyo makusudi, kwa sababu sikutaka kipoteze ule ugumu wake. Nilijivunia hilo wakati ule.

Halafu likaja suala la mbavu. Ukikitazama kisu kwa mbele, kutokea kwenye ncha, utaona mbavu zake. Kuna ambacho mbavu zimebonyea kwa ndani kama mashavu ya mtu anayefyonza ndimu. Hicho karibu na makali ni chembamba mno na kinakata kwa raha kweli. Nyembe za vinyozi wa zamani zilikuwa hivyo. Kuna ambacho mbavu zimenyooka kutoka mgongoni mpaka chini. Kuna ambacho zimevimba kidogo, kama mbegu ya boga, na shoka nalo liko hivyo. Na kuna ambacho kinabaki kinene mpaka karibu na chini, halafu mteremko mmoja mfupi unamaliza kazi. Hicho kinapendwa na wachonga miti. Mimi nilichagua mbavu zilizobonyea. Nikazipunguza mpaka ukigonga makali kwa kucha unayaona yanacheza. Nikakitia mpini wa mpingo, kile kipande alicholeta mjomba wako kutoka Tanga, nikaung'arisha mpaka nikauona uso wangu.

Kisha nikakipima. Nilichukua kitunguu, nikakata duara, nikalipeleka dirishani. Mwanga ulipita wote. Nilifurahi hata nikamwita baba yako aje aone. Akaja, akatazama, akauliza, huko msituni wanakata vitunguu vingi? Nikamwambia arudi kwenye mpira wake.

Hapo ndipo nilipokosea, Zuhura. Kisu cha msituni nilikipima kwa kipimo cha uani kwa mama yangu, kwa sababu ndicho kipimo nilichokiheshimu. Hata mara moja sikukuuliza utakifanyia nini. Huko Tanga hakuna aliyewahi kupigilia kisu chake kwenye gogo. Kuni zilikuwa kazi ya watu wengine na shoka lao, sisi tulizikuta zimeshapasuliwa. Jambo hilo halikunipitia kichwani hata kidogo.

Asubuhi ya safari gari la wenzako lilikuwa linapiga honi chini, wewe umeshateremka. Nilikimbilia lifti na kandambili, nikakuwahi mlangoni, nikakupa kisu mkononi. Nikakwambia, "Hiki kitakufanyia kila kitu." Ukakitazama, ukanibusu, ukaenda.

Yaliyotokea huko ziwani niliyajua kwa vipande, na vingi havikutoka kwako. Rafiki yako Priya alikuja hapa wakati wa baridi ukiwa kazini, akakaa kwenye kiti hiki hiki kukusubiri, nikampa chai. Nadhani alidhani najua. Alinisimulia jinsi mvua ilivyowanyea tangu mlipoanza kupiga makasia, na jinsi shoka lilivyosahaulika kwenye gari. Alinisimulia alivyoteleza wakati wa kushuka kwenye mtumbwi akaingia majini mpaka shingoni, na alivyotetemeka, kisha akaacha kutetemeka na kuanza kuongea mambo yasiyoeleweka. Kila ukuni ulikuwa umelowa. Alisema wewe ulijua kuwa mti uliokufa ukiwa umesimama huwa mkavu kwa ndani, ukapata kipande cha msonobari, ukaweka kisu juu yake, ukawa unakipiga mgongoni kwa rungu la mti ili kiupasue. Mapigo ya kwanza yaliingia. Kisha makali yakamomonyoka kipande. Kisha kisu kikakatika katikati, na mkono wako wa kushoto uliokuwa umeshika mpini ukashukia kwenye kipande cha kisu kilichobaki gogoni.

Priya alisema, "Aunty, aliendelea kutafuta kuni kavu mkono wake ukivuja." Alisema watu waliokuwa wamepiga hema ng'ambo ya ziwa waliona tochi yenu ikizungushwazungushwa, wakaja na jiko la gesi na mablanketi makavu. Alianza kusema, "Wasingekuwapo..." Alikunywa chai.

Sasa nikumbuke nilichofanya mimi uliporudi. Uliingia, ukaweka vipande viwili hapa mezani, ukasema, "Kisu kimevunjika, Mama." Kwa Kiswahili. Hilo peke yake lingetosha kunijulisha kwamba mambo si mazuri. Mkono wako ulikuwa umefungwa kitambaa. Mimi niliokota vile vipande, nikavipeleka kwenye taa kutazama chembe za chuma pale kilipokatikia. Nikakuuliza, "Nani alikwambia ukipige? Kile si shoka." Ukanijibu kwa Kiingereza kwamba mimi ndiye niliyesema kitafanya kila kitu, ukaenda chumbani kwako. Baba yako ndiye aliyekupeleka kushonwa.

Nilishika chuma kabla sijakushika wewe. Nimelifikiria hilo kwenye basi la asubuhi na kwenye basi la jioni, tangu siku ile aliyokuja Priya mpaka leo, na halijapungua uzito. Najisikia vibaya na naona aibu. Nisamehe, mwanangu.

Baada ya hapo tuliongea habari za chumvi na za mabasi tu. Kisha kikafika hiki kisu chako cheusi kwenye boksi, na mimi badala ya kunyamaza nikakichukua mbele yako nikakikatia kitunguu. Kitunguu kikapasuka kama kimepigwa teke. Nikacheka. Wewe hukucheka, ukakichukua, ukakifungia kabatini. Hata wakati ule nilikuwa bado natumia kipimo kile kile kibovu, unaona?

Alipoondoka Priya nilikaa kidogo, halafu nikafanya jambo ambalo sikukuomba ruhusa. Nilikitoa kisu chako kabatini. Kesho yake karakanani niliomba mbao za paleti zilizovunjika, zile za kubebea mizigo, nikazifunga kwa kamba, nikazibeba kwenye treni na mabasi mpaka nyumbani, watu wakinipisha kana kwamba nimebeba mtoto. Jumamosi ukiwa kazini nikateremka kwenye maegesho ya magari, theluji imejaa, na hijabu yangu na koti la baba yako, nikaanza kukipiga kisu chako kwenye mbao. Nilitaka kujua ulichokijua wewe ziwani.

Haikupita muda akatoka msimamizi wa jengo, yule mzee wa Kijamaika. Akaniambia mpangaji mmoja amepiga simu kwamba kuna mwanamke anapigana na kisu kwenye theluji. Nikamwonyesha mbao. Akauliza kama hita ya kwangu imeharibika. Nikamwambia hita ni nzima, mimi najifunza jambo kwa ajili ya binti yangu. Akafikiri, akanihamishia nyuma ya mapipa ya taka wasikoniona watu, na kabla hajaondoka akaomba apige yeye mara moja. Alipiga zaidi ya mara moja.

Nilichojifunza nyuma ya mapipa ni hiki. Kisu chako hakivunjiki, unene wake unakilinda. Kwa hilo ulichagua vizuri kuliko mimi, na nakiri. Kilipasua mbao zote na makali hayakumomonyoka. Lakini mabega yake ni mapana mno. Mbavu zinabaki nene mpaka chini, na makali yenyewe ni kama ukingo wa patasi. Kinapasua, hakikati. Nilipojaribu kuchonga vipande vyembamba vya kuwashia moto, kiliteleza juu ya ubao, nikawa natumia nguvu nyingi, na kisu kinachotaka nguvu nyingi ndicho kinachomkata mtu. Na chuma chake ni kigumu kiasi kwamba kikishaisha makali huko porini, kijiwe chako cha mfukoni kitakuwa kinakipapasa tu. Ukichukua hicho hakitakuangusha kama changu kilivyokuangusha. Kitakuchosha mkono, basi. Nimekitia mikwaruzo, na kwa hilo pia samahani.

Ndipo nikafanya lile nililopaswa kulifanya mwanzo. Nilikuuliza. Unakumbuka, ulikuwa unakausha vyombo, ukadhani nakuchokoza. Nikauliza ukiwa porini kisu unakifanyia nini hasa. Ukaniambia: kamba, kusafisha samaki, kuchonga vijiti vya moto, kukata jibini. Nikauliza kuhusu kupasua kuni. "Mara nyingi ni kamba na jibini tu, Mama," ulisema. "Lakini ile siku moja ndiyo siku yenyewe." Nililiandika neno hilo nyuma ya risiti ya duka nikalibandika kwenye mashine yangu karakanani.

Basi hiki kisu cha pili nimekitengenezea siku moja hiyo kwanza, halafu kamba na jibini.

Chuma. Mimi moyo wangu uko kwenye chuma cheusi, kile cha springi, cha akina bibi yako. Kinanoleka upesi, hakivunjiki hovyo, na bei yake haimuumizi mtu. Lakini kinashika kutu ukikigeukia mgongo, na kinataka mwenyewe awe anakifuta na kukipaka mafuta kila jioni. Nakupenda, Zuhura, ila wewe ni mtu wa kuacha kikombe cha chai chini ya kitanda mpaka kiote ukungu. Na unakwenda kukaa kwenye maji: maziwa, mvua, theluji, samaki. Kwa hiyo nimechukua chuma cheupe, kisichoshika kutu, cha aina tunayoitumia kwenye visu vya viwanda vya nyama. Vile vinapiga mifupa siku nzima na vinaoshwa kwa maji ya moto, na huwa vinarudi kwetu vimechoka, si vimevunjika. Kwenye tanuri nilikilegeza kuliko nilivyozoea. Nilisimama pale mkono unaniwasha kukitoa, nikajizuia. Hakitashika makali wiki nyingi. Utakinoa kila baada ya siku chache, na utaweza, kwa kijiwe kidogo na maji ya ziwa.

Mbavu. Unene wa mgongo ni kama sarafu mbili zikiwa zimepandana, si zaidi. Mbavu zimenyooka kutoka mgongoni, halafu karibu na makali zimevimba kidogo sana, huwezi kuuona uvimbe huo kwa macho lakini ukipitisha kidole utausikia. Kule kunyooka ndiko kunakokata. Uvimbe ule ndio unaobeba pigo na kusukuma ubao upande, ubao usikibane kisu. Na chuma kimepita ndani ya mpini kizima mpaka mwisho, hakikuishia katikati kama kile cha mwanzo. Kile cha mwanzo nilikikomesha katikati ili mpingo usipate uzito. Kwa ajili ya urembo tu.

Ukinoa, laza kisu juu ya jiwe, kisha inua mgongo kiasi cha kupenyeza ncha ya kidole chako kidogo, na usukume kama unayemenya jiwe lenyewe ngozi. Usikimbilie. Badilisha upande. Ukisikia kwa kidole gumba kwamba makali yanakwaruza upande mmoja, unakaribia. Ulikuwa ukinitazama nikifanya hivyo ulipokuwa mdogo, kwa hiyo mikono yako inajua kuliko unavyodhani.

Na shoka, mwanangu, libebe. Hiki nacho si shoka. Nimekitengeneza kwa siku ambayo shoka limesahaulika, si kwa ajili ya kulisahau.

Mpini utausamehe. Ni wa plastiki ngumu, rangi ya chungwa, mbaya kama zile koni za barabarani. Wewe ndiye uliyesema wakati ule wa vyombo kwamba kisu chenye mpini mweusi kikianguka kwenye majani ndiyo basi. Nilikuwa na kipande kingine cha mpingo. Nilikishika, nikakitazama, nikakirudisha kwenye droo.

Nilikwenda nacho nyuma ya mapipa mara mbili. Mara ya pili theluji ilikuwa imeshayeyuka, na msimamizi wa jengo akaja na kiti chake kutazama. Nilikipiga mpaka mbao zikaisha. Nilikisimamisha ncha kwenye ubao nikakipinda, kikapinda, kikarudi. Nilichonga vijiti vya moto mpaka vikajikunja kama nywele zako ulipozaliwa. Yule mzee akasema hiki kinafaa, na akaondoka na mbao zote zilizopasuliwa kwa ajili ya kuchomea nyama.

Leo mchana, ulipotoka, nilikikatia kitunguu. Siwezi kujizuia. Duara limetoka nene, mwanga haukupita hata chembe, na macho yaliniwasha. Bibi yako angenifukuza uani mbele za watu. Nimekitupia kile kitunguu kwenye mchuzi wa leo, utavikuta vipande vyake, vikubwa vikubwa, na usiniulize kwa nini.

Sasa ile habari ya kutopeana kisu mkononi. Sijui kama ni kweli kwamba inaleta ugomvi. Ugomvi wetu haukuletwa na mkono, uliletwa na mimi kutouliza. Lakini nimeelewa kitu kimoja walichokuwa wakikifanya wale wapishi hata kama hawakukisema. Kisu kikiwekwa chini, anayekichukua anakitazama kwanza, anaona kimelalaje, makali yako wapi, kama anakitaka au hakitaki. Ukimsukumia mkononi hana nafasi hiyo. Mimi nilikusukumia changu na gari linapiga honi.

Kwa hiyo sikupi. Nimeviweka vyote viwili hapa mezani, vikiwa kwenye ala zake, mipini imeelekea upande wa mlango wa chumba chako. Asubuhi chukua unachokitaka, ukitie kwenye begi kubwa litakaloingia chini ya basi, usikae nacho kitini. Mimi nitakuwa chumbani nasali, sitatoka kuchungulia. Ukichukua cheusi sitasema neno, na nitakulipia jiwe la kukinolea. Ukichukua changu pia sitasema neno, maana nitashindwa.

Jambo moja tu nakuomba. Kesho kabla hujabeba begi, kabla baba yako hajaanza tena habari za soksi, nipe mkono wako wa kushoto. Nasikia walikushona vizuri na kovu limekaa chini ya kidole gumba. Mimi bado sijaliona.

Mama yako